Rangi Ilibadilika, Mshahara Ukabaki Kakao

Kuna mzee mmoja ndani ya Charlie and the Chocolate Factory ambaye wasomaji wengi humsahau. Ni Oompa-Loompa, na kitabu hakimpi jina. Bosi wake, Willy Wonka, alimpa kinywaji cha majaribio chenye gesi ya kumwinua mtu hewani. Mzee akanywa, akaanza kupaa. Ili ushuke lazima ucheue gesi itoke, na Wonka akampigia kelele kutoka chini kwamba acheue. Mzee hakucheua. Aliendelea kupaa mpaka akapotea, na hakuonekana tena. Wonka anawasimulia wageni kisa hicho wakati akiwatembeza kiwandani. Halafu ziara inaendelea.

Mfanyakazi amekufa kazini, au tuseme hajulikani aliko, na bosi anaipiga kama stori ya kuchekesha. Hakuna anayeuliza kama alikuwa na mke au watoto. Hata Charlie, mtoto mwenye moyo mzuri kuliko wote kitabuni, haulizi hilo.

Namtaja huyu mzee kwa sababu kila mjadala kuhusu Oompa-Loompa huishia kwenye rangi. Walikuwa weusi, wakawa weupe, wakawa wa rangi ya chungwa, wakawa Hugh Grant. Ni mjadala wa haki na ulihitajika. Lakini nimesoma kitabu na kutazama filamu zote tatu, ile ya 1971, ya 2005 na ya 2023, na ninachokiona ni hiki: kwa karibu miaka 60 kila mtu amekuwa akipaka rangi upya ngozi ya hawa watu, na masharti yao ya kazi yamebaki karibu vilevile.

Twende kwenye chanzo. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1964. Katika toleo hilo la kwanza, Oompa-Loompa ni mbilikimo weusi kutoka msitu wa Afrika. Wonka anajisifu kwamba aliwagundua mwenyewe, kisha akasafirisha kabila zima, watu 3,000, ndani ya makasha yaliyotobolewa matundu ya kupitishia hewa. Kwao walikuwa wanaishi juu ya miti na kula viwavi. Walichotamani kuliko kitu chochote ni kakao. Wonka akawaambia njooni kwangu mtakula kakao mpaka mchoke, na hata mshahara nitawalipa kwa kakao.

Soma tena hiyo sentensi kuhusu makasha. Mtu yeyote aliyesoma historia ya utumwa shuleni, hata kama alikuwa anasinzia, anajua picha hiyo inatoka wapi. Na jina mbilikimo si la viumbe wa hadithi. Wambuti na Watwa ni majirani zetu, wako Kongo, Uganda, Rwanda na Burundi, na wana mashamba yaliyochukuliwa na kesi za ardhi kama watu wengine.

Malalamiko yalikuja. Nchini Marekani, NAACP, shirika linalotetea haki za watu weusi, lilipinga. Mwaka 1973 kikatoka kitabu kilichorekebishwa. Sasa Oompa-Loompa wana ngozi nyeupe yenye wekundu wa waridi, nywele zao ni za rangi ya dhahabu iliyokolea, na wanatoka nchi inayoitwa Loompaland. Mama mmoja kwenye ziara, mwalimu wa jiografia, anasema hakuna nchi kama hiyo. Wonka anampuuza.

Sasa angalia kilichobaki. Makasha yenye matundu yalibaki. Mshahara wa kakao ulibaki. Mzee aliyepaa alibaki angani. Waliohariri waliangalia ukurasa, wakaona tatizo ni kwamba watu hawa ni weusi, wakaondoa weusi. Kana kwamba kumsafirisha mtu kwenye kasha ni sawa mradi awe na nywele za dhahabu.

Kuna jambo kuhusu mwandishi ambalo wasomaji wa huku tunafaa kulijua. Roald Dahl alifika Dar es Salaam mwaka 1938, kijana wa miaka 22, ameajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell. Alijifunza Kiswahili. Vita vilipoanza aliendesha gari mpaka Nairobi, Novemba 1939, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza. Kumbukumbu zake za miaka hiyo ziko katika Going Solo, kitabu cha 1986. Humo kuna mpishi, mtunza bustani, na kijana wa kazi anayeitwa Mdisho ambaye Dahl anampenda waziwazi.

Sidai kwamba Oompa-Loompa walitoka Dar. Ninachosema ni kwamba nyumba ya aina ile aliijua. Unaishi ndani ya ua la mwajiri, unakula kwake, yeye ndiye anayeamua saa zako, na watu wote wawili wanaweza hata kupendana huku mmoja akimiliki kila kitu. Ukiitazama ukiwa varandani, nyumba kama hiyo inaonekana yenye furaha. Kiwanda cha Wonka kimeandikwa kutoka varandani.

Na cha ajabu, kitabu hiki kingeweza kuwa kingine kabisa. Mwaka 2017 mjane wake, Felicity Dahl, aliiambia BBC kwamba Charlie wa kwanza kabisa, katika rasimu za mwanzo, alikuwa mtoto mweusi. Baadaye akabadilishwa. Kwa hivyo kitabu kilichofika dukani mwaka 1964 kilikuwa na mtoto mweupe anayerithi kiwanda, na watu weusi 3,000 wanaofanya kazi ndani yake.

Filamu ya kwanza, Willy Wonka & the Chocolate Factory, ilitoka 1971, miaka miwili kabla ya kitabu kurekebishwa. Mwelekezi ni Mel Stuart, na Wonka ni Gene Wilder. Pesa zilitoka kwa kampuni ya Quaker Oats, iliyotaka kuuza chokoleti yenye jina la Wonka. Yaani hata kabla ya taa za sinema kuzimwa, hadithi yenyewe ilishakuwa tangazo la bidhaa. Hapa ndipo Oompa-Loompa walipopata uso wa rangi ya chungwa na nywele za kijani, sura ambayo watu wengi duniani wanaifahamu. Kama njia ya kukwepa ubaguzi, ni ujanja mzuri: hakuna binadamu wa rangi hiyo, kwa hivyo hakuna wa kulalamika.

Lakini sikiliza Wonka anachomwambia Charlie mwishoni, wakiwa kwenye lifti ya vioo juu ya mji. Anatafuta mtoto wa kumwachia kiwanda, mtu atakayewatunza Oompa-Loompa. Kitabuni pia yupo na wasiwasi huo huo. Watu wanarithiwa pamoja na mitambo.

Hebu tusimame hapo kidogo, maana hapa ndipo hadithi inanikera kuliko penginepo. Wonka alihitaji mrithi. Ndani ya kiwanda kulikuwa na Oompa-Loompa wanaojua kila chumba, kila bomba, kila kosa lililowahi kufanyika. Kitabu kinasema alileta kabila zima, wanaume, wanawake na watoto. Watoto! Walikuwepo watoto waliolelewa na harufu ya chokoleti. Tiketi tano za dhahabu zikatupwa nje, kwa mtu yeyote mwenye hela ya kununua chokoleti. Walio ndani hawakuhesabiwa hata kwenye bahati nasibu. Kama umewahi kushikilia kazi ya mtu kwa mwaka mzima ukingoja uthibitishwe, halafu mpwa wa bosi akaletwa kukalia kiti, unajua hiyo ladha, na haina chokoleti hata kidogo.

Tuje 2005. Charlie and the Chocolate Factory ya Tim Burton, na Johnny Depp kama Wonka. Hapa nina sababu ya kutazama kwa makini, kwa sababu Oompa-Loompa wote, 165, wanaigizwa na mtu mmoja, Deep Roy. Na Deep Roy amezaliwa Nairobi, katika familia yenye asili ya Kihindi. Mtoto wa Nairobi ndiye taifa zima la Loompaland. Anapiga kasia, anapiga gitaa, anavaa sketi na kuwa karani, anakuwa daktari wa akili anayemsikiliza Wonka akiwa amelala kwenye kochi. Ilibidi arudie miondoko ile ile tena na tena, halafu kompyuta ikawapanga safu.

Ni kazi nzito, na naipenda. Uso wake hautabasamu ovyo. Katika nyimbo anacheza kama mtu aliye zamu. Ukimtazama yeye badala ya Johnny Depp, unapata filamu nyingine, ya mfanyakazi mmoja anayefanya kazi ya watu 165.

Lakini ona walivyogawa. Nyimbo zote za Oompa-Loompa ziliimbwa na Danny Elfman, mtunzi wa muziki wa filamu. Mwishoni tunagundua kwamba msimulizi wa hadithi yote ni Oompa-Loompa, jambo ambalo lingekuwa kubwa sana, ila sauti ni ya Geoffrey Holder. Mwili wa Deep Roy ukazidishwa mara 165, na walipohitaji sauti wakatafuta kwingine. Sisemi ni njama. Ni hesabu tu ya filamu, lakini ni hesabu inayofanana sana na kitabu chenyewe, ambapo hawa watu ni mikono mingi na uso mmoja.

Filamu hiyo hiyo ina kitu kizuri ambacho watu hukiruka. Babu Joe aliwahi kufanya kazi kwa Wonka. Siri za kiwanda zilipoibwa na washindani, Wonka aliwafuta wafanyakazi wote wa mjini, na babu akawa mmoja wao. Babake Charlie naye anafunga vifuniko vya dawa ya meno, mpaka mashine inachukua nafasi yake. Kitabuni kiwanda chake cha dawa ya meno kinafungwa kabisa, na familia inakonda kwa njaa. Kwa hivyo usiniambie hiki ni kitabu cha watoto tu na kazi haiwahusu. Dahl aliijaza kazi kila mahali. Njaa ya Charlie inatokana na mshahara uliokatika. Na mishahara ya mji ule ilikatika kwa sababu Wonka alipata watu wanaolala ndani ya kiwanda, wasiotoka nje, na wasiolipwa pesa.

Babu Joe anaingia kiwandani na kuwaona watu waliochukua nafasi yake. Ninayengoja ni mwandishi wa filamu atakayempa dakika moja tu na mmoja wao, waangaliane.

Sasa, kuhusu huo mshahara. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika: matangazo, maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, chochote. Mteja mmoja, kampuni ya vinywaji ambayo sitaitaja, alifurahia kazi yangu ya miezi miwili kiasi kwamba alinilipa kwa kreti za soda. Nane. Barua iliyoambatana nazo ilinikaribisha kwenye familia. Majirani walikunywa, watoto wa ploti walinipenda sana wiki ile. Mwenye nyumba hakukubali soda.

Nasimulia hivyo kwa sababu ya jambo moja ambalo kulipwa kwa bidhaa hukufundisha haraka. Pesa unaweza kutoka nayo mlangoni. Unaweza kuitumia mahali ambapo bosi hajui, kwa sababu ambayo bosi hatapenda. Ukilipwa kwa kile ambacho bosi anatengeneza, umelipwa na sababu ya kubaki. Oompa-Loompa anapewa kakao, anaila, kesho anaingia kazini kutengeneza vitu vya kakao. Hawezi kuweka akiba ya nauli ya kurudi Loompaland. Dahl anaiandika kama zawadi: si wanaipenda kakao? Wanaipenda, sawa. Nami napenda soda.

Na kakao ya huku kwetu duniani? Zaidi ya nusu inatoka Kodivaa na Ghana. Tangu 1964 msomaji ameonyeshwa mto wa chokoleti, maporomoko ya chokoleti na chumba cha kufanyia majaribio. Shamba hajaonyeshwa. Aliyevuna hana hata wimbo.

Kuhusu nyimbo, hapo Oompa-Loompa wako vizuri, na ndiyo sababu tunawapenda. Kila mtoto mtundu akiangamia, wao wanaimba. Augustus kwa ulafi wake, Violet kwa chingamu yake, Veruca kwa kudekezwa, Mike kwa televisheni. Wana ulimi mkali, wana vina, wana dharau ya hali ya juu. Ni mahakama na kwaya kwa wakati mmoja.

Lakini hukumu zao zote zinaenda kwa wageni. Hakuna ubeti hata mmoja kuhusu Wonka. Hakuna wa chingamu ile ile iliyowageuza Oompa-Loompa 20 kuwa matunda ya buluu wakati wa majaribio, kabla Violet hajaigusa. Mtu aliyekulia kwenye lugha hii anajua hilo haliwezekani. Watu wanaofanya kazi pamoja na kuimba pamoja hawamwachi mnyapara hivi hivi. Watamficha ndani ya fumbo, watamwita kunguru, watamwita mvua isiyonyesha, lakini atasikia. Taarab nzima imesimama juu ya kumsema mtu ambaye yuko ukumbini. Kwa hiyo nikisikia Oompa-Loompa wakiimba vizuri hivyo bila hata kijembe kimoja kwa mwenye kiwanda, najua mwandishi alitusikilizisha nyimbo za ziara tu. Zile za usiku, baada ya mitambo kuzimwa, hakuzisikia.

Wonka ya 2023, ya mwelekezi Paul King, ilikaribia kuzisikia. Ndiyo filamu niliyoitarajia kidogo na ndiyo iliyonipa mengi ya kufikiria. Wonka kijana, Timothée Chalamet, hajui kusoma. Anaingia nyumba ya kulala wageni, anatia sahihi mkataba wenye maandishi madogo, na kesho yake anajikuta mtumwa wa deni kwa dobi la Bi Scrubitt. Humo kuna wengine walionaswa hivyo hivyo, akiwemo mhasibu na msichana yatima, Noodle. Hatimaye! Filamu ya Wonka inayojua mkataba ni nini, inayojua kwamba mtu anaweza kufungwa kwa karatasi bila mnyororo.

Halafu kuna Lofty, Oompa-Loompa wa Hugh Grant. Waigizaji wa kimo kifupi walilalamika kwamba nafasi hiyo ilipewa mtu mrefu aliyefupishwa kwa kompyuta, na walikuwa na hoja: ni kazi chache mno wanazopewa, na hii nayo ikaenda. Lakini kama mhusika, Lofty ni mapinduzi. Wonka aliiba kakao Loompaland wakati Lofty akiwa mlinzi aliyesinzia. Wenzake wakamfukuza hadi arudishe deni mara elfu. Kwa hivyo anamfuata Wonka na kumwibia chokoleti usiku. Kwa mara ya kwanza, Oompa-Loompa ndiye anayedai. Ana jina, ana suti, ana kiburi, na Wonka ndiye mwizi wa kakao.

Na mwisho wake? Wafungwa wa dobi wanapata uhuru. Noodle anampata mamake. Lofty, aliyewaokoa Wonka na Noodle wasizame kwenye chokoleti, anapewa kazi: mkuu wa kuonja. Filamu iliyotumia karibu saa mbili kutuonya kuhusu maandishi madogo inamalizia kwa kumwajiri mdai wake, na mkataba hatuoneshwi.

Mwaka huo huo, wachapishaji Puffin walitoa matoleo mapya ambamo Oompa-Loompa si wanaume wadogo tena, ni watu wadogo, na Augustus hatajwi tena kuwa mnene. Watu walibishana wiki nzima. Wengine walisema ni heshima, wengine walisema ni upuuzi. Kwangu ilikuwa ni 1973 tena: kalamu ndogo, inakwepa sentensi kubwa.

Kitabu hiki sitaki kichomwe, na sitaki kisafishwe mpaka kiwe uji. Nakipenda. Kina njaa ya kweli, kina theluji inayopenya ukutani, kina mtoto anayegawa mkate wake. Kinajua usawa ni nini pale anapohusika Charlie. Hilo ndilo linalonifanya nikidai zaidi, maana mwandishi aliyeweza kuhesabu mikate ya familia moja angeweza kuhesabu mishahara ya watu 3,000.

Netflix ilinunua kampuni inayomiliki hadithi za Dahl mwaka 2021, kwa hivyo filamu nyingine zitakuja, na tutaulizana tena Oompa-Loompa wawe rangi gani. Mimi nitaangalia kitu kimoja tu. Nataka eneo la mwisho wa mwezi: foleni, meza, bosi amekaa, na Oompa-Loompa wa mbele anafungua bahasha yake kuangalia kuna nini ndani.